Ngome Iliyoliwa na Rangi

Nyumba ya kona, mlango wa bluu,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kifuniko,

Pokea salamu za kaka yako, nyingi kadiri bahasha itakavyobeba. U hali gani? Mkeo hajambo? Wanao je, na yule mdogo, kikohozi kimemwachia? Na ule mgongo wako uliokusumbua mwaka juzi, bado unalala sakafuni au umepata godoro la maana? Nijibu moja baada ya jingine. Usiniandikie "sote wazima" kama kawaida yako, maana hayo ni maneno mawili tu, na mimi nimekalia kiti kibovu hapa nikuandikie kurasa.

Sisi tunasukuma siku. Mimi nimechoka, nalisema mapema ili usihangaike kulitafuta katikati ya mistari. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Huu umeingia kwenye mifupa ukajipangia chumba. Bado niko kwenye lile ghala la vyombo vya umeme, napokea friji na majiko, nakagua mikwaruzo, nabishana na madereva. Natoka saa kumi na moja jioni, nafika nyumbani, naanza kazi ya pili ambayo ni Baba. Namwogesha, namgeuza, namlisha, namnyoosha vidole kimoja kimoja. Mchana shemeji yako ndiye anayemtazama, cherehani upande huu na Baba upande ule, na wateja wake wamezoea kupimwa mabega huku mzee akiwakodolea macho.

Kiharusi cha mwezi wa kumi kilimchukua mkono na mguu wa kushoto, na nusu ya maneno yake. Nilikuandikia wakati ule, ukajibu mistari mitatu na pole. Sikulaumu. Maneno yamerudi kidogo kidogo, kama wageni wasio na uhakika na nyumba. Mkono haujarudi, nawe unajua mkono ule wa kushoto ulikuwa nani katika nyumba hii. Daktari ametuambia bila kuzunguka kwamba ugonjwa huu una tabia ya kurudi, na ukirudi huenda ukachukua maneno yote yaliyobaki. Kwa hiyo jambo la barua hii lina haraka, na jambo lenyewe ni wewe kuja nyumbani. Sababu nitaifikia. Usirukie ukurasa wa mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya hadithi, maana safari hii mwisho bila mwanzo hautakufaa kitu.

Najua wanao wataisoma barua hii juu ya bega lako. Watoto ndivyo walivyo. Basi niwaeleze wao kidogo, wewe kanywe chai.

Wanangu, baba yenu na mimi tulikuwa wafalme. Babu yenu alikuwa fundi wa redio na friji, na siku moja mteja aliyekuwa akihama mji alimwachia boksi la mchezo wa vita vya mezani. Ndani mlikuwa na askari wa plastiki warefu kama kidole, majitu mawili, wachawi watano, zimwi moja lililovunjika bawa, na kitabu cha kanuni ambacho panya walikisoma kabla yetu wakakimaliza. Babu yenu hakushindwa. Alichukua daftari akaandika kanuni zake mwenyewe. Jeshi linatembea kwa kupimwa na tepu ya fundi cherehani, na mshale unapata au unakosa kwa dadu. Dadu ilikuwa moja tu, aliyoichonga mwenyewe kutoka kwenye mguu wa kiti kilichovunjika. Na kanuni ya kwanza kabisa kwenye daftari, iliyopigiwa mstari mara mbili, ni hii: dadu hairushwi mafichoni wala kwa niaba, hurushwa mezani, mbele ya macho ya adui, na mwenye zamu yake. Bila hivyo haihesabiki. Bibi yenu alikuwa akipita na beseni la nguo anasimama kushuhudia, kisha anatuita wajinga, anaendelea na safari.

Nchi ya vita tuliijenga kwa takataka. Lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya friji ndilo lililokuwa milima yetu. Trei za mayai tulizichana vipande vidogo tukavipanga ukutani kama mawe. Vigogo vya karatasi ya chooni vilikuwa minara, unga wa mbao uliopakwa kijani ulikuwa nyasi, majani ya chai yaliyokwisha kunywewa yakawa udongo, na sifongo kuukuu ikachanwa kuwa miti. Nyumbani kwetu hakikutupwa kitu kabla hakijaulizwa kwanza kama si mlima. Baba yenu ndiye aliyewapa askari wake sitini ngao za vifuniko vya chupa, akapata jina. Mimi nilikuwa na vidole vilivyonata siku zote, nikaitwa Gundi. Sasa rudisheni barua kwa mwenyewe.

Ndugu yangu, yule dada wa mazoezi ya viungo anayekuja kila Jumatano alituambia mwezi wa tatu kwamba mkono mzima wa Baba usipopewa kazi, nao utalala kwa kumwonea huruma mwenzake. Akasema tumpe kitu anachokipenda. Tulimpa redio afungue, akaisukuma. Tulimpa karata, akazisukuma. Kisha akainua kile kidole chake akaonyesha kwenye kona, ambako meza yetu ya vita imekaa miaka yote chini ya marobota ya vitambaa vya shemeji yako. "Ngome," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo tangu uondoke.

Nilimwambia Baba sina nguvu hizo, nimechoka, ngome ni kazi ya miezi. Alininyamazia siku mbili, na wewe unajua kunyamaza kwa Baba. Siku ya tatu nilirudi kutoka ghalani nimekumbatia povu la friji mbili, dereva wa lori ananicheka.

Tukaanza. Mimi nikakata kuta kwa waya wa moto kama alivyotufundisha. Nikachora mistari ya mawe kwa kalamu iliyokwisha wino, nikafinyanga donge la karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula nikaligandamiza juu ya povu lipate mikwaruzo ya jiwe kongwe. Baba alikaa kwenye kiti chake, trei ya mayai mapajani, akachana. Mwanzoni vipande vilitoka vikubwa kama viatu. Mwezi wa nne vilitoka kama kucha. Dada wa mazoezi alivipima kwa macho akaandika kwenye kitabu chake, akafurahi kuliko sisi.

Shangazi alikuja Jumamosi moja akatukuta hivyo. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni. "Mzee mzima na dume zima, mnachezea taka. Mgonjwa ni mmoja au wawili?" Shemeji yako akamjibu akiwa na pini mdomoni, "Watatu, Shangazi, nami nimeshawashonea bendera." Shangazi akaguna, akaketi. Jumamosi iliyofuata nilimkuta anachana sifongo, anagomba kwamba mti hauwezi kuwa kijani kimoja toka chini hadi juu, sisi hatujawahi kuona mti? Sasa misitu yote ni yake na haruhusu mtu kuigusa.

Nakueleza haya yote kwa sababu nilikuwa na furaha kidogo, na sikutaka kukiri hata kwangu mwenyewe. Pia kwa sababu kila ukuta niliousimamisha ulinirudisha kwenye ule wa kwanza.

Sisemi hujui. Lakini miaka kumi na tisa hatujalitaja, basi nilitaje. Mama alipofariki, wanaume watatu tulibaki na mikono isiyojua pa kukaa. Wewe ndiye uliyemuuguza, ulikuwa umeshika kikombe cha maji mdomoni pake alipokata roho. Miezi minne baada ya hapo tulijenga ile ngome kubwa, sentimita tisini toka ukuta hadi ukuta, na sidhani kama tulikuwa tunajenga ngome. Ilikuwa yangu kwenye mchezo. Jeshi lako lilikuwa limeizingira, ulikuwa hatua sita kutoka mlangoni, na zamu ilikuwa yako. Ilikuwa imebaki kupakwa rangi ya mwisho. Baba alikuwa ametuhubiria mpaka masikio yamekuwa sugu: rangi ya kopo la kupuliza hula povu. Kwanza gundi iliyochanganywa na rangi ya maji, mara mbili, ikauke siku nzima, povu lisibaki uchi hata kidogo, ndipo kopo.

Nilirudi kutoka kazini alasiri ile nikakuta mnara wa mbele umelainika, ukuta umeanguka ndani kama shavu la kibogoyo, nawe umesimama na kopo mkononi. Nilisema umeshindwa kuichukua kwa haki ukaamua kuiua. Ulifungua mdomo, hukusema. Nikaongeza lile neno. Nikakuambia kila unachokishika kinakufa mkononi mwako.

Nililisema nikijua linakwenda wapi. Sitakudanganya kwamba liliniponyoka. Miezi miwili baadaye ulipata kazi huko mbali ukaondoka, na tangu hapo tumekuwa watu wa "sote wazima".

Sasa sikia yaliyotokea Jumapili tatu zilizopita.

Ngome mpya ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeipaka gundi na rangi ya maji nyeusi mara mbili, Ijumaa na Jumamosi, ikakauka ngumu kama ganda la nazi. Jumapili baada ya chakula niliitazama nikaona kuta zimekuwa butu, hazina uso. Wapiga mishale watachungulia wapi? Nikachukua wembe nikatoboa matundu manane membamba, manne kila upande. Nikafurahia kazi yangu. Kisha nikaenda kwa jirani yetu fundi wa kunyoosha mabodi ya magari, nikaazima kopo lake la rangi ya kijivu, nikaiweka ngome uani juu ya stuli, Baba kwenye kiti chake hapo mlangoni anaangalia. Nikapuliza.

Umeshaliona kosa, najua. Mimi sikuliona. Wembe ulikuwa umekata ganda, na ndani ya kila tundu povu lilikuwa uchi. Rangi iliingia pale. Kulikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayekunywa chai ya moto kwa mbali. Matundu yakaanza kupanuka. Mnara ukainamisha kichwa. Shemeji yako akatoka na kitambaa begani akauliza, "Mbona ngome inapiga miayo?" Nami nimesimama, kopo mkononi.

Baba alicheka. Mdogo wangu, hatukuwa tumesikia kicheko chake tangu mwezi wa kumi. Kilitoka upande mmoja wa mdomo, kikamtikisa mpaka mate yakamtoka, na sisi tukaanza kucheka kwa kuona anacheka. Kisha kikageuka. Sikujua kilipogeukia, ila nilipomwangalia tena alikuwa analia.

"Kama mimi," akasema.

Nilimwambia Baba usilie, tutajenga nyingine, povu lipo. Akatikisa kichwa kwa hasira. Akaonyesha yale matundu kwa kidole, moja baada ya jingine, kisha akajigonga kifuani. "Ile. Ya zamani. Nilitoboa mimi. Nikapuliza mimi." Akapumzika, akatafuta neno lililobaki, akalipata. "Si yeye."

Shemeji yako alichukua kopo mkononi mwangu, akaliweka chini taratibu.

Baba akatuonyesha chumbani kwake, chini ya kitanda, nyuma ya sanduku lake la vifaa vya kazi. Palikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa waya wa redio. Ndani mlikuwa na mnara wa mbele wa ngome yetu, ule ule, ambao mimi niliutupa jaani kwa mkono wangu siku ile na yeye akaenda kuuokota nisijue. Nilikaa sakafuni nikautazama. Una matundu matatu ya wapiga mishale, ambayo hayakuwepo tulipoumaliza. Yote yamelalia upande mmoja, kama yanavyolala maandishi ya mtu wa mkono wa kushoto. Wewe na mimi ni wa kulia. Ningeutazama siku ile kwa dakika moja tu kabla ya kuutupa, ningejua. Sikuutazama. Nilikuwa nakutazama wewe, na nilishaamua.

Tangu Jumapili ile kuna kitu kimoja kinanirudia nikiwa ghalani, nikiwa bafuni, nikiwa na kijiko cha uji mkononi. Nilipokuwa nakutukana, hukunitazama mimi. Ulitazama nyuma yangu. Nilidhani ni dharau, nikazidi kupandisha sauti. Kumbe Baba alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, nawe ulikuwa unamngoja aseme. Hakusema. Nawe ukaona ni heri kosa likae kwako kuliko kumvua nguo mzee aliyefiwa na mke mbele ya mwanawe. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi mkubwa wako nilikuwa na ishirini na saba, na akili sikuwa nayo hata ya miaka saba.

Baba amenieleza yaliyobaki kwa vipande, wiki nzima, neno leo na neno kesho. Alitaka kutushtua kwa furaha, tukirudi tukute ngome imepakwa rangi na ina madirisha. Yeye aliyetuhubiria miaka yote akasahau mahubiri yake mwenyewe. Akatoka kwenda uani kutafuta maji ya kuisafisha, mkapishana mlangoni, wewe ukaingia, ukaokota kopo, nami nikaingia. Aliona haya. Siku ya pili aliona haya zaidi kwa sababu hakusema siku ya kwanza. Ulipoondoka, haya ilikuwa imeshakua kubwa kuliko nyumba, na hakujua aishikie wapi.

Nikuambie ukweli, nilimkasirikia. Siku tatu nilimwogesha Baba bila kumtazama usoni. Nilisugua mgongo, nikasuuza, nikafuta, kama naosha friji. Yeye alijua, akaniachia. Siku ya nne shemeji yako alikuja akaninyang'anya taulo, akasema kwa upole kabisa, "Unamnunia mzee kwa sababu alinyamaza. Na wewe, tangu Jumapili, umemwandikia mdogo wako?" Sikuwa nimeandika. Nilikuwa nimesema nimechoka, nitaandika wiki ijayo, nitatafuta maneno mazuri. Kumbe kunyamaza ni urithi, nami nilikuwa naupokea kwa mikono miwili.

Basi maneno mazuri sikuyapata. Nimepata haya tu. Nilikukosea. Hata kama ungeiyeyusha ngome ile kwa makusudi, ukaichoma moto na kuikojolea, neno nililokuambia halikuwa la kuambiwa mtu. Mama hakufa mkononi mwako. Mama alikufa, na mkono wako ndio uliokuwepo, wakati wangu ulikuwa kazini na wa Baba ulikuwa unafungua redio ya mtu kwa sababu hakuweza kukaa chumbani mle. Wewe uliweza. Nalirudisha neno lile kinywani mwangu nilimeze mwenyewe, na kama limekukaa miaka yote hii, naomba unisamehe. Ukishindwa, nitaelewa, lakini naomba.

Sasa hali ya nchi. Baba amekataa ngome iliyoyeyuka itupwe. Anasema zimwi limepita, ndiyo maana ya mazimwi. Nimepaka masizi kwenye kingo za matundu na rangi nyekundu kidogo kwa ndani, na kwa kweli inatisha kuliko nilivyopanga. Mnara wako wa zamani, nauita wako, nimeusimamisha mbele, mahali pake. Hata inzi wanaotua juu yake hawajui kama ni wa miaka kumi na tisa na kuta ni za juzi. Daftari lina mahali pa kila askari, mwandiko wa Baba, na mstari wa mwisho kabisa umeandikwa: zamu ya Kifuniko. Tumelipanga jeshi lako lote kwa tepu. Askari wawili wamepotea, shemeji yako amewabadilisha kwa vifungo vya koti. Uko hatua sita kutoka mlangoni kwangu, kama ulivyoniacha.

Jana Baba alitaka bahasha. Alitoa kitu kwenye mfuko wa shati akakitumbukiza ndani kwa mkono wake wa kulia. Ilimchukua dakika nzima na sikumsaidia, maana alinikataza kwa macho. Ukiitikisa bahasha utakisikia. Ni dadu yetu, ile ya mguu wa kiti. Kona moja imelika kwa kukaa mfukoni.

Nilimwambia Baba, si lazima aje. Kazi yake huko ina masharti, na safari ni ndefu. Anaweza kuirusha huko huko akatuandikia namba, au atume picha. Alinitazama kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

"Kanuni ya kwanza," akasema. Maneno yote mawili yalitoka safi, hayakukwama popote.

Basi sikutumii nafasi ya kurusha. Nakutumia mzigo wa kurudisha. Dadu ni moja, na sasa iko kwako, na huku vita vimesimama mpaka uje nayo. Daktari hajui vita vinaweza kusimama muda gani huku Baba bado ana maneno ya kukuambia, nami sijui. Ndiyo haraka yenyewe. Ukiingia, mimi nitakuwa mlangoni, lakini hutahitaji kutazama nyuma yangu. Baba nitamkalisha mbele.

Msalimie sana mkeo, mwambie shemeji mwenzake anataka vipimo vyake vya gauni. Wasalimie wanao, waambie kila mmoja aje na vifuniko vyake. Shangazi anakusalimu, anasema ukija usiguse miti. Fundi wa mabodi naye anakusalimu, anasema kopo halitaazimwa tena. Baba anakusalimu kwa kidole. Anakionyesha kwenye kiti chako, kisha kwangu niandike, nami naandika.

Mungu akulinde njiani, akupunguzie mgongo, na atuwekee mzee wetu mpaka zamu yako ifike.

Wako akupendaye, aliyechelewa kukuambia,
Kaka yako,
Gundi.